Mkeka wa Narbir

Watu wa Okharbote walimpigia Rupsari makofi miaka yote aliyovaa sketi ya ngoma, na mwaka alipokataa kuivua wakamtafutia waganga. Mimi nilikuwepo kwenye makofi na nilikuwepo kwenye uganga, kwa sababu ndimi niliyekuwa mpiga ngoma ya madal wa kijiji. Vidole vyangu vimekakamaa sasa na ngoma yenyewe inaning'inia ukutani, lakini kumbukumbu ninayo, na wale wanaojidai wamesahau wananichefua.

Siku hizo aliitwa Narbir. Alikuwa mtoto wa pili wa mjane Tulmaya. Dada yake mkubwa alikuwa Devisara, na mdogo wao wa kiume, Keshar, alikuwa bado ananyonya. Guru wa ngoma, Harkajit, ndiye aliyemchagua Narbir acheze maruni wakati wa sikukuu ya Tihar, kama ilivyo desturi yetu tangu babu na babu. Wavulana wembamba huvishwa sketi na shela, hutiwa wanja, hufungwa njuga miguuni, nasi huenda nao nyumba kwa nyumba tukiimba baraka mpaka tushibe. Nimewapigia ngoma maruni wengi, na wengi wao walicheza kama watu wanaokanyaga miiba. Huyu akigeuza kiganja tu, wanawake wazima wanashika midomo. Mama yake alimvalisha mkufu wake wa arusi kwa mkono wake mwenyewe, akawaambia majirani, "Mwanangu mzuri kuliko binti zenu wote." Binti wenyewe wakacheka, maana ilikuwa kweli tupu.

Tihar ikiisha, ngoma ya maruni hufungwa kwa kafara. Guru huchinja jogoo mwekundu, huwanyunyizia wachezaji maji, huwafungua njuga, kisha humwomba mungu wa kike aliyewapanda ashuke aende zake. Wavulana huvua sketi, huvaa suruali na kukimbilia kucheza kamari. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka, mpaka mwaka ule ambao Narbir alianza kuota ndevu akawa anazing'oa moja moja. Alifunguliwa njuga, akazikabidhi vizuri kwa mikono miwili. Kisha akabaki amesimama na sketi yake.

"Vua, mwanangu," Harkajit akamwambia. "Sikukuu imekwisha."

"Njuga ni za ngoma, Guru, nimerudisha. Mimi sivui."

"Kwani mungu wa kike hajashuka?"

"Ameshashuka, ameshakwenda. Aliyebaki hapa ni mimi."

Kijiji kikaamua kosa ni la jogoo. Wengine walisema hakuwa mwekundu vya kutosha, alikuwa na manyoya meupe mkiani. Wengine walisema Guru alikuwa amelewa akaruka maneno. Kulewa alilewa kweli, nilikunywa naye mimi. Basi kafara ikarudiwa. Jogoo wa pili alikuwa mwekundu kama pilipili, na Guru aliamka hajaonja kitu, na Narbir akabaki na sketi. Akaletwa guru mwingine kutoka ng'ambo ya bonde, mwenye kofia kubwa na sauti kubwa. Majogoo nusura waishe Okharbote. Tulikula nyama vizuri sana mwezi ule, na yeye alikaa akala pamoja nasi, sketi yake ameikunja vizuri chini ya magoti.

Walipoona uganga haufui dafu, mambo yakageuka. Watoto wakamtungia wimbo: "Maruni, maruni, Tihar imekwisha, vua!" Watu wazima hawakuwakataza, waliutikisia vichwa. Jiwe lililompasua kipaji cha uso lilirushwa na kijana ambaye mwaka uliotangulia alikuwa akinibembeleza nimpange acheze karibu naye. Narbir akaondoka akateremkia Dharan, mjini, kwa wenzake wa namna yake. Huko alijifunza kushona, alicheza kwenye arusi za watu, akajipa jina la Rupsari. Mengine ya huko sikumwuliza, na wewe usiniulize.

Alirudi mwaka ambao Tulmaya aliteleza kwenye matuta ya shamba akavunjika nyonga. Devisara alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto, ana watoto wake na ng'ombe wa mkwe. Keshar alikuwa mwanafunzi, hata wali alikuwa anaunguza. Rupsari akatokea asubuhi moja njia ya chini, nywele zinafika kiunoni, mfuko begani. Akaingia ndani bila kubisha hodi, akapasha maji, akamwogesha mama yake.

Shangazi yao Jitmaya, dada wa marehemu baba yao, alifika mbio kabla maji hayajapoa. Huyo mama ana ulimi mrefu kuliko kamba ya kisima.

"Mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake!" akafoka. "Ni mwiko!"

"Ndiyo maana nimekuja mimi, Shangazi," Rupsari akasema. "Hebu nipe hiyo taulo."

Tulmaya mwenyewe hakusema kitu. Tangu mumewe afe, yule mama alikuwa mtu wa maneno machache, na baada ya kuvunjika nyonga yakapungua zaidi. Lakini aliinua mkono ili sabuni ifike kwapani, na mwenye macho haambiwi tazama.

Rupsari akatafuta kazi kwenye shamba la chai. Huko wanawake huchuma na wanaume hupogoa, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini. Msimamizi alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akamnyooshea kisu cha kupogolea.

"Kisu nimeshika maisha yangu yote jikoni," Rupsari akasema. "Nipe kikapu, bwana."

"Nikikupa wewe kikapu, kesho wanaume wote watataka vikapu."

"Wape. Chai itaisha mapema, na wewe utawahi nyumbani kwa mkeo."

"Wanawake hawatakubali ukae kwenye mstari wao."

"Nani kakwambia?" mama mmoja akapaza sauti kutoka kwenye majani. "Mstari una nafasi tele. Mradi asiimbe tu!"

"Nitaimba," Rupsari akasema.

Akapewa kikapu kwa majaribio, na majaribio hayo hayajaisha mpaka leo. Na anaimba. Wale wanawake walimzoea upesi kuliko mtu yeyote kijijini, labda kwa sababu mikono yao ina kazi na hawana nafasi ya kunyoosha vidole.

Basi alikuwa na kazi, alikuwa na mama wa kumtunza, na wimbo wa watoto ulichakaa. Mtu angesema yameisha. Lakini kila mwaka ilikuja siku ya mwisho ya Tihar, siku ya ndugu, na ndani ya nyumba yao kulikuwa na jambo lililokuwa likiniudhi.

Siku hiyo dada humkalisha nduguye wa kiume kwenye mkeka, humzungushia mstari wa mafuta chini ili Yamaraj, mchukua roho, asiweze kuuvuka, humpaka tika, yaani rangi saba kwenye paji la uso, na kumvika taji la yale maua ya zambarau yasiyonyauka. Ndugu akiwa safarini, dada hutandika mkeka mtupu akauwekea taji na matunda, akamfanyia yote kana kwamba yupo. Ni desturi nzuri. Mimi sina dada, wa pekee niliyekuwa naye alichukuliwa na homa, na Devisara, anayeniita Mjomba kwa heshima tu, hunipaka tika kwa hisani baada ya kumaliza wa kwao. Kwa hiyo kila mwaka nilikuwa pale kibarazani nikingoja zamu yangu, na kila mwaka niliona mikeka miwili. Mmoja alikaa Keshar. Mwingine ulikuwa mtupu, wa Narbir. Devisara alikuwa akiuzungushia mafuta, machozi yakimlengalenga, akimwombea Narbir maisha marefu huko aliko. Na huko aliko ilikuwa jikoni, hatua chache tu, anaosha masufuria.

"Huyo unayemwombea yuko wapi?" nilimwuliza mwaka mmoja.

"Mbali, Mjomba."

"Mbali kama jikoni?"

Alinipaka rangi ya njano ndani ya jicho, na hakuomba radhi.

Msinielewe vibaya. Devisara si mtu mbaya. Huyo ndiye aliyembeba Narbir mgongoni wakati mama yao yuko shambani, naye mwenyewe bado mtoto. Na Rupsari alivumilia. Aliniambia, "Mwache, Mjomba. Anayelia hivyo ananipenda, ila anapiga hodi nyumba siyo." Akaendelea kuosha masufuria yake. Kilichobadilisha mambo ni safari ya Keshar.

Keshar alipata kazi ya kiwanda Malaysia, na tarehe ya ndege ikaangukia siku chache baada ya Tihar. Sasa, kijiji kizima tulikuwa tumetoka kumpokea kijana wa kitongoji cha chini aliyerudi kutoka ughaibuni ndani ya sanduku la mbao. Alilala akiwa mzima, hakuamka, ndiyo maelezo yote waliyopewa wazazi wake. Kwa hiyo tika ya mwaka huo haikuwa tika ya kula vitumbua. Kila mwenye kijana wa kusafiri alikuwa anaihesabu kuwa ni ngao.

Rupsari alisema shauri lake asubuhi moja, kwenye chai, mbele yangu na mama yake na Keshar mwenyewe.

"Mwaka huu nitampaka tika Keshar. Nitamzungushia mafuta kama dada yake. Anakwenda mbali, na mimi sitabaki jikoni."

Keshar akatazama kikombe chake. Ni kijana mwema, lakini alikuwa na tabia moja. Jikoni, wakiwa wawili, alikuwa akimwita Rupsari "Dada". Akitoka nje mbele ya vijana wenzake, anamwita "Kaka".

"Mimi sina neno," akasema. "Lakini Dada Devi atakubali kweli? Na watu, je?"

"Sikuulizi habari za watu. Wewe unataka au hutaki?"

"Nataka."

"Basi siku hiyo utaniita mbele yao kama unavyoniita hapa. Usiponiita, sitakulaumu, lakini sitapaka. Mimi siji kupaka mtu kwa wizi."

Tulmaya alikuwa akitafuna mkate wake taratibu, kama vile hasikii.

Habari ikafika bombani kabla ya ndoo ya kwanza kujaa. Shangazi Jitmaya aliisimamisha foleni nzima.

"Tika ya maruni!" akasema, Rupsari akiwa pale pale na ndoo yake. "Haijawahi kusikika! Yamaraj atacheka, atauruka mstari huo kama mtoto anavyoruka mfereji. Mwanangu Keshar akirudi kwenye sanduku, mtanikumbuka."

"Shangazi, tika yako mwenyewe ulimpaka baba yangu," Rupsari akasema. "Alikufa akiwa na miaka mingapi?"

Lilikuwa neno zito, na nadhani alilijutia, kwa sababu aliinua ndoo kabla haijajaa. Lakini hakulirudisha. Jitmaya akajifunga shela akaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuacha neno nyuma yake.

Devisara alifika siku moja kabla, na watoto wake na sinia lake la shaba. Mchana walikaa jikoni wakikaanga sel, ile mikate ya mviringo ya unga wa mchele. Rupsari alikuwa anakanda na kumimina, Devisara anageuza kwa kijiti. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeitwa kuonja, na nilionja sana. Wakaanza kwa upole, wakaishia pabaya.

"Nimesikia," Devisara akasema. "Haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Kwa sababu nikikubali wewe ni dada, nitakuwa nimeukunja mkeka wa Narbir. Na siku nikiukunja, nimemkabidhi kwa Yamaraj kwa mkono wangu. Wewe unafikiri nalia pale kwa maonyesho? Miaka yote ulipokuwa Dharan, sijui kama umekula, sijui kama umepigwa, ule mkeka ndio uliokurudisha!"

"Najua, Dada. Na ninashukuru. Lakini nimesharudi."

"Aliyerudi ni nani sasa?"

"Nitazame vizuri. Uliyembeba mgongoni ni mimi. Aliyekukojolea shela yako mpya ni mimi."

Devisara akacheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. "Basi kaa kwenye mkeka! Kama ni wewe, kaa! Nikupake, niwe na ndugu zangu wawili kama mama alivyonizalia. Wifi zangu wananihesabia ndugu kila siku ya Mungu. Kaa tu, mara moja kwa mwaka, nitakupa kila kitu changu."

"Kila kitu nitakufanyia, Dada Devi. Hilo hapana."

"Una roho ngumu."

"Nimeirithi katika nyumba hii hii. Geuza mkate, unaungua."

Mkate uliungua kweli. Rupsari akautoa, akaifuta mikono yake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Kesho nitasimama hapa mlangoni na sinia langu mwenyewe na jagi langu la mafuta. Sitaleta fujo, sitamsukuma mtu. Mkiniita nitakuja. Msiponiita nitasimama mpaka mwisho. Lakini masufuria sitaosha."

Asubuhi redio ikatangaza saa ya heri, kama kawaida, na kibaraza kikajaa. Jitmaya alikuwepo, mbele kabisa, amekunja uso. Wachuma chai watatu walikuwepo, wamekuja eti kuomba moto. Tulmaya aliketi kwenye kigoda karibu na nguzo. Devisara akatandika mikeka miwili. Keshar akaketi kwenye wake, nywele amezipaka maji, uso umempauka kama kitambaa. Na kwenye mlango wa jikoni alisimama Rupsari. Alivaa sari ya rangi ya damu ya mzee, nywele amezifunga, sinia liko mkono wa kushoto, jagi mkono wa kulia. Hakuegemea kitu.

Devisara alianza na mkeka wa Narbir, kwa kuwa Narbir ndiye mkubwa. Alikuwa na hofu siku ile, ilionekana mikononi. Maneno ya mchana yalikuwa yamemwingia, akaona Yamaraj amekaribia mkeka ule kuliko miaka yote, na akamwaga mafuta kwa wingi, mstari mnene kama kidole, akauzunguka mara tatu. Mkeka mtupu ukazungushiwa ukuta wa mafuta. Kisha akahamia kwa Keshar. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ukawa mwembamba. Kwenye wa tatu, alipofika nyuma ya bega la kushoto la Keshar, jagi likatoa matone mawili, likakauka.

Akalitikisa. Akalipindua. Hakuna kitu.

Mtu asiyetoka kwetu ataona ni jambo dogo, chukua mafuta mengine umalizie. Kwetu mstari ulioanzwa haungojei, na mafuta ya nyumba nyingine hayauungi, na mkono unaomimina ni wa dada tu. Keshar alikuwa amekaa ndani ya duara lenye mlango wazi, na siku chache mbele yake kulikuwa na ndege. Niliona jasho likimtoka.

"Mafuta!" Devisara akapiga kelele. "Mama, mafuta yako wapi?"

"Tumekaangia yote jana," mmoja wa wanawe akasema.

"Mafuta ninayo," Rupsari akasema kutoka mlangoni.

Jitmaya alikuwa ameshafika pale, mkono umenyooka. "Lete hilo jagi!"

"Jagi haliendi bila mimi, Shangazi."

"Mtoto anakufa wewe unafanya biashara? Lete!"

"Sifanyi biashara. Mafuta ni ya nyumba hii na mkono ni wa nyumba hii. Niiteni nije. Niko hapa tangu asubuhi."

Jitmaya akashika jagi. Rupsari hakulivuta, lakini hakuliachia. Wakabaki hivyo, shangazi na mtoto wa nduguye, na nilikuwa tayari kuinuka na goti langu bovu. Nilikuwa na hasira, nasema kweli, hasira ya miaka. Mafuta yote yalikuwa yamemwagwa kwa mtu asiyekuwepo, na aliyekuwepo kakosa. Nikafungua mdomo. Lakini Keshar akanitangulia.

"Dada!" akaita.

"Nipo!" Devisara akajibu.

"Nipo," Rupsari akajibu.

Wakatazamana. Mmoja wa wachuma chai akacheka, akajiziba mdomo.

"Unamwita yupi?" Jitmaya akauliza, kwa ukali, kama anamtisha.

Keshar akageuza shingo, mwili hakuugeuza, aliogopa kuugusa mstari. Vijana wenzake walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa mawe, wote wanamtazama.

"Yule mwenye mafuta," akasema. Kisha akapandisha sauti, ikakwaruza. "Dada Rupsari. Dada yangu. Njoo unifunge, naogopa."

Jitmaya akaachia jagi. Sijui kama alitaka, nadhani vidole vilimlegea tu. Rupsari akashuka kibarazani, hakukimbia. Akaweka sinia chini, akafika pale mstari ulipokatika, nyuma ya bega la kushoto. Devisara alikuwa bado amesimama hapo hapo na jagi lake tupu, na hakukuwa na nafasi ya watu wawili. Angeweza kukataa kusogea. Wote tulimwona akifikiri hivyo. Alitazama mkeka wa Narbir, akamtazama Keshar, akamtazama Rupsari usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta nyumba aliyokulia baada ya kubadilishwa mlango.

Akarudi nyuma hatua moja.

Rupsari akamimina. Mwanzoni aliinamisha mkono badala ya jagi, mstari ukaenda upogo.

"Polepole," Devisara akasema. "Usikatize. Inamisha jagi, siyo mkono. Inamisha. Hapo hapo."

Alisema hivyo kwa sauti ya dada mkubwa anayemfundisha mdogo wake, sauti ile ile ya kukaripia, na nikajua limekwisha. Nililia. Sioni haya kusema, na mzee mwenzangu anayeona haya akae nayo. Mafuta yakaenda, yakapita miguuni pa Keshar, yakazunguka, yakafika pale yalipoanzia na kuungana.

Kisha akapiga magoti akampaka rangi zote saba, moja chini ya nyingine, bila kuharakisha hata moja. Akamvika taji. Akaweka kokwa ngumu ya jozi kizingitini, akaipiga kwa jiwe pigo moja ikapasuka vipande vipande, na Yamaraj kama alikuwa karibu basi alisikia. Keshar akampaka yeye tika ya kurudishia, halafu akainama akaweka paji lake juu ya miguu ya Rupsari, rangi mbichi ikabaki kwenye vidole vyake. Kule ukutani kijana mmoja alianza kile kiwimbo, "Maruni, maruni." Mwenzake akampiga kofi la kisogoni, wimbo ukaishia hapo.

"Mimi, je?" nikauliza. "Nimekaa njaa tangu alfajiri."

"Nani akupake, Mjomba?" Rupsari akasema.

"Nyote wawili. Lakini huyu mkubwa akae mbali na macho yangu."

Watu wakacheka, na ndipo tulipogundua kwamba Devisara hacheki. Alikuwa amesimama juu ya mkeka wa Narbir, taji la maua liko pale, ndizi na machungwa yako pale, ule mstari mnene umezunguka. Hakuwa akitoa sauti, mabega tu ndiyo yalikuwa yakiruka. Rupsari akamwendea, akasimama kando yake bila kumgusa.

Tulmaya akakohoa kwenye kigoda chake. Alikuwa hajasema kitu siku nzima, wala jana yake.

"Devi," akasema. "Sakafu ya jikoni ni baridi. Peleka huo mkeka kule, mkae mle. Na mdogo wako hajala tangu asubuhi."

Devisara akajifuta uso kwa shela. Akainama akatoa matunda, akatoa taji, akaushika mkeka upande mmoja. Rupsari akashika upande wa pili. Wakaupitisha juu ya mstari wa mafuta wakauingiza jikoni, na nilipochungulia baadaye kuulizia sel zangu, nikawakuta wamekaa juu yake bega kwa bega, sahani moja katikati, wanakula kwa pupa na kugombania kachumbari.